Injini Moja Ikizimika Angani: Jibu kwa Mama Aliyeogopa Mapangaboi

Siku ya kikao cha kamati ya msikiti, mara baada ya swala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa makamo ya bibi zetu akiwa na kijana wake. Jina lake limo katika orodha ya waumini wanaojiandaa kwa Hijja. Ada ameilipa kidogo kidogo kwa fedha ya mpunga na karanga, na watoto wake wamekubaliana kwamba hawatamchosha kwa basi. Kutoka hapa Nzega hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 900, na magoti yake hayastahimili tena kukunjwa kutwa nzima. Mpango ni apelekwe Tabora kwa gari, kisha apande ndege. Mama amekataa.

"Mwanangu katibu," aliniambia, "ile ndege kubwa ya kwenda Makka sina neno nayo. Naiogopa hii ya mapangaboi. Ina injini mbili tu. Ikishanyanyuka, moja ikizimika, nani atatushusha?"

Kijana wake alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Chuoni tulisoma hukumu za msafiri, kupunguza swala na kuzikusanya, mpaka masafa yanayomruhusu kufungua saumu. Mambo ya injini hatukuyagusa. Ningeweza kumwambia kwamba ajali yake ikiwa imeandikwa imeandikwa, naye angeitikia kwa adabu na kubaki na hofu yake. Nikamwomba muda. Makala haya ndiyo jibu nililomrudishia, pamoja na mengine niliyoyapata nilipokuwa nikilitafuta katika ripoti za uchunguzi wa ajali, ambayo naona yanazihusu familia zetu zote zinazosafiri.

Hofu ya mama huyu ina tarehe. Ni Jumapili ya Novemba 6, 2022, pale ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilipoangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki dunia na 24 wakasalimika, wavuvi wakiwa wa kwanza kuwafikia kwa mitumbwi yao. Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliotangulia. Tangu siku ile, katika nyumba nyingi za kwetu, ndege yenye mapangaboi imekuwa jina jingine la hatari. Hata hivyo, ndege ile haikuanguka kwa sababu injini moja ilizimika baada ya kuruka. Ilikuwa inatua, tena katika hali mbaya ya hewa. Alichokiuliza mama ni jambo jingine kabisa, nalo lina elimu yake.

Maksai wawili kwenye nira moja

Mkulima wa Nzega hahitaji darasa refu ili alielewe. Funga maksai wawili kwenye mkokoteni, wavute kwa nguvu zao zote, kisha yule wa kulia aanguke ghafla huku wa kushoto akiendelea kuvuta. Mkokoteni hauendi mbele kwa nusu ya mwendo wake. Unapinda kuelekea upande wa aliyeanguka. Ndege nayo ni vivyo hivyo. Injini ya bawa la kulia ikizimika wakati wa kupaa, ya kushoto inaendelea kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Pua ya ndege hugeukia kulia, kisha bawa la kulia huanza kuinama.

Dawa ya kwanza iko miguuni mwa rubani. Mbele ya miguu yake kuna pedali mbili zinazogeuza usukani ulioko mkiani. Ndege ikigeukia kulia, hukanyaga ya kushoto mpaka pua irudi kwenye mstari. Lakini usukani ule hufanya kazi kwa upepo unaoupitia. Kasi ikishuka mno, upepo hupungua, na hata pedali ikikanyagwa hadi mwisho haiishindi tena injini inayovuta upande mmoja. Hapo ndege hubiringika kuelekea upande wa injini iliyokufa, na ikiwa karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuirudisha. Kila ndege ya injini mbili ina kasi ambayo chini yake haiongoziki kwa injini moja. Katika ndege ndogo huwekwa mstari mwekundu kwenye saa ya kasi, ili rubani asiusahau hata akiwa na fadhaa.

Kuna na mzigo wa pili. Pangaboi la injini iliyokufa halitulii. Upepo hulizungusha, na mapanga yake yakiwa yameukabili upepo kwa ubapa, linakuwa kama maksai aliyeanguka lakini bado amefungwa nirani: havuti tena, anaburutwa. Aliyewahi kutoa ungo nje ya dirisha la gari linalokwenda anaijua nguvu hii. Ungo ukiutazama upepo kwa uso wake wote, mkono huvutwa nyuma. Ukiulaza, upepo hupita juu na chini. Ndivyo inavyofanywa kwa pangaboi. Mapanga hugeuzwa kwenye kitovu chake mpaka yaukabili upepo kwa makali, nalo husimama. Kwa ajili ya makala haya tuite kazi hiyo kulaza mapanga.

Watu hudhani kwamba injini mbili zikibaki moja, ndege imepoteza nusu ya uwezo wake. Hesabu ni kali kuliko hivyo. Chukulia mume na mke ambao kila mmoja hupata shilingi 500,000 kwa mwezi. Matumizi ya lazima ya nyumba ni 400,000, kwa hiyo wanaweka akiba 600,000. Mmoja akipoteza kazi, mapato yamepungua nusu, lakini akiba imeshuka kutoka 600,000 hadi 100,000. Sehemu kubwa ya nguvu za ndege ni matumizi ya lazima, ya kuifanya ielee hewani. Kupanda juu hutokana na ile ziada. Ndiyo maana ndege ndogo ya injini mbili ikipoteza moja huweza kupoteza asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake wa kupanda. Kwenye joto na mwinuko, baadhi yake hushindwa kupanda kabisa, na rubani wake hana budi kujua mapema atatua kwenye shamba gani.

Mama alinikatiza hapa. "Basi nilikuwa na haki ya kuogopa."

Alikuwa na haki, ila si kwa ndege atakayoipanda. Ndege za abiria kama ATR na Dash 8 Q400, ambayo ndiyo Air Tanzania inayoitumia Tabora, hazipewi cheti kwa sharti la ndege ndogo. Watengenezaji hutakiwa kuthibitisha kwamba injini moja ikizimika katika wakati mbaya kuliko wote, wakati magurudumu yanataka kuacha ardhi, ndege itaweza kuendelea kuruka, na magurudumu yakishakunjwa itapanda angalau mita 24 kwa kila mita 1,000 inazokwenda mbele. Mita 24 si nyingi. Mtu aliyeketi dirishani ataona miembe ikipungua ukubwa polepole mno. Lakini inapanda, haishuki.

Sharti hilo lina bei yake, na bei hiyo hulipwa kabla ya safari. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na sote tunalijua jua la mwezi wa kumi. Hewa ya mwinuko ikipata joto huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na mabawa hupungukiwa pa kushika. Kwa hiyo kila safari rubani hufanya hesabu: joto la saa ile, urefu wa njia ya kurukia, uzito wa mafuta, watu na mizigo. Je, nikibaki na injini moja, nitapanda? Hesabu ikikataa, kitu kinabaki chini.

Ninapofika hapa huwakumbuka ndugu zetu wanaosafiri na asali. Madumu ya asali ya Tabora ni hadiya inayojulikana nchi nzima, na wako wanaoona kwamba kumpita mpima mizigo ni ujanja. Nimemwona mtu, tena mwenye sijda usoni, akificha begi zito nyuma ya kanzu yake wakati wa kupimiwa, kisha akilibeba kwa vidole viwili kama la pamba. Hajamdanganya karani peke yake. Rubani amepewa namba isiyo ya kweli, na kwa namba hiyo amehesabu uhai wa watu wote walioketi humo.

Kasi ya uamuzi

Katika hesabu hizo hutoka pia namba moja ambayo naona ni ya kuzingatiwa sana. Ni kasi ya uamuzi. Ndege inapokimbia kwenye njia ya kurukia, tatizo likitokea kabla ya kasi hiyo, rubani hufunga breki, maana njia iliyobaki inatosha kusimama. Likitokea baada yake, huendelea kuruka hata kama injini imezimika, maana njia iliyobaki haitoshi tena. Kusimama wakati huo ni kuiingiza ndege maporini kwa mwendo mkali.

Uamuzi wenyewe haufanywi pale. Unafanywa wakati ndege bado imesimama, rubani na msaidizi wake wakitamka kwa sauti nani ataongoza, nani atasoma saa, watasimama kwa lipi, wataelekea wapi injini ikizimika, na watarudi kutua vipi. Nilipolisoma hili nilikumbuka masomo yetu ya kwanza ya fiqhi, ambamo nia hutangulia amali. Yule mwenye kutafuta nia yake akiwa tayari katikati ya kitendo amechelewa.

Kisha injini inazimika kweli. Ndege inayumba, king'ora kinalia, taa nyekundu zinawaka. Rubani mwema hufanya nini? Nilitegemea kusoma juu ya mikono myepesi inayobonyeza swichi kumi kwa sekunde moja. Nilichokikuta ni kinyume chake. Kwanza huiongoza ndege tu. Mguu wake huinyoosha pua, mkono huilinda kasi, msaidizi hukunja magurudumu ndege ikishaonekana inapanda. Katika mashirika mengi ni marufuku kugusa kidhibiti cha injini yoyote kabla ndege haijafika futi 400 kutoka ardhini, yaani mita 120 hivi. Tena ndege hizi kubwa zina mtambo unaolaza mapanga ya injini iliyokufa wenyewe na kuiongezea nguvu ile nzima, kwa hiyo mtu hana sababu ya kukurupuka.

Wakishafika kimo hicho ndipo huuliza: ni ipi? Mguu hutoa ushahidi wa kwanza. Kama unaokaza pedali ni wa kushoto, basi mguu wa kulia umelegea, na injini iliyokufa iko upande wa mguu uliolegea. Saa za injini hutoa ushahidi wa pili. Kisha mmoja huweka mkono juu ya kidhibiti bila kukivuta, akataja: injini ya kulia. Mwenzake hatikisi kichwa tu. Huangalia kwa macho yake, akithibitisha naye kwa kutamka, ndipo kinavutwa. Kwa kila kidhibiti wanarudia hivyo. Injini ikishafungwa na mapanga kulazwa, huwaarifu walio katika mnara wa kuongozea ndege, husoma orodha yao ya kazi, na kurudi kutua.

Mtu atasema huu ni utaratibu wa kuchosha kwa jambo la wazi kama kulia na kushoto. Yaliyotokea Taipei yanajibu.

Sekunde chache za haraka

Februari 4, 2015, ndege aina ya ATR 72 iliruka kutoka uwanja wa Songshan mjini Taipei, nchini Taiwan, ikielekea kisiwa cha Kinmen. Ilikuwa na watu 58. Muda mfupi baada ya kuruka, ikiwa bado inapanda, mtambo ule wa kulaza mapanga ulilaza ya injini ya kulia. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba injini yenyewe haikuwa na kosa. Waya uliochomelewa kwa risasi ndani ya kifaa kidogo ulikuwa umepata ufa, na kifaa kikatoa habari ya uongo. Bado haikuwa maafa. Injini ya kushoto ilikuwa nzima, na ndege ilikuwa na kila kinachohitajika ili kurudi uwanjani.

Nahodha akaikamata ya kushoto. Alipunguza nguvu za injini iliyo nzima, kisha akaizima. Katika chumba kile kulikuwa na marubani watatu, na maneno ya kuthibitisha hayakusemwa kama yanavyotakiwa. Ndege ikawa haina injini hata moja. Walipogundua wakajaribu kuiwasha tena, lakini kimo kilikuwa kimekwisha. Sekunde chache kabla ya mwisho, kinasa sauti kilimnasa nahodha akishangaa kwamba amevuta kidhibiti cha upande usio wake. Ndege iligonga ukingo wa barabara ya juu na kuangukia Mto Keelung. Watu 43 walifariki, 15 wakanusurika. Tangu kuruka hadi kuanguka hazikutimia dakika tatu.

Ripoti haikumtaja kuwa mtu asiyejua kurusha ndege. Alikuwa na maelfu ya saa angani. Ilitaja kwamba katika mafunzo na mitihani yake, wakaguzi walikuwa wamekwisha kuandika juu ya udhaifu wake katika jambo hili hili la injini kuzimika wakati wa kuruka, na juu ya wepesi wake wa kufadhaika. Aliendelea na kazi. Marubani wa abiria hurejea zoezi hili ndani ya chumba cha kuigiza urukaji, katika mashirika mengi kila baada ya miezi sita, kwa sababu ile ile inayomfanya mwenye kuhifadhi Qur'an asiache kuirejea. Kilichohifadhiwa ujanani kikaachwa hakiji kwa amri siku kinapohitajika.

Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, Waislamu wameamrishwa wachunguze habari inayoletwa na fasiki kabla ya kuitendea kazi, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wasomaji wa visomo wanajua kwamba neno la amri hiyo limepokelewa kwa visomo viwili: kimoja chenye maana ya kubainisha, na kingine, cha Hamza na Kisai, chenye maana ya kuthibitisha na kutofanya pupa. Mwalimu wetu alikuwa akitueleza tofauti hiyo kwa mifano ya wasengenyaji wa mitaani, nami niliiona kuwa tofauti ndogo ya wataalamu. Kifaa cha Taipei kilileta habari ya uongo. Kuibainisha ni kazi ya macho, kuangalia saa na kujua ni injini ipi. Kutofanya pupa ni kazi ya mkono, kukaa juu ya kidhibiti bila kukivuta mpaka mwenzio aseme. Nahodha yule alikosa yote mawili ndani ya muda wa kusoma Suratul Fatiha mara chache.

Safari ambayo haikupasa kuanza

Kisa cha Taipei ni cha waliopatwa na jambo angani. Cha Nairobi ni kigumu zaidi kukisimulia. Alfajiri ya Julai 2, 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, nayo ya mapangaboi mawili, iliruka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta ikipeleka miraa Mogadishu. Muda mfupi baadaye iliangukia jengo katika eneo la Utawala, na wote wanne waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Kenya walihitimisha kwamba marubani waliamua kusafiri wakiujua ubovu uliokuwapo, na kwamba hawakuikatiza mbio ya kuruka ingawa ndege iliwaonya tena na tena. Maonyo yalilia wakati bado ardhi iko chini ya magurudumu.

Miraa ni bidhaa isiyosubiri. Jani likichelewa halina mnunuzi. Siwezi kuapa kilichokuwa mioyoni mwa watu wale, lakini biashara yenye haraka ya namna hiyo tunaifahamu. Na haraka haipandi ndege na mizigo peke yake. Mwaka mmoja nilikuwa abiria, ndege yetu ikaanza kuelekea njia ya kurukia, kisha ikasimama. Rubani akatangaza kwamba taa moja haikumridhisha na kwamba tunarudi. Tulishushwa, tukangoja zaidi ya saa tatu. Tuliguna. Mzee mmoja alimfokea binti wa kaunta, nami, niliyekuwa nimevaa kofia ya kiua na kubeba jalada la msikiti, nilitikisa kichwa kumuunga mkono, kwa kuwa nilikuwa nawahi kikao. Leo sikumbuki ajenda ya kikao kile.

Babu zetu wa njia hii ya misafara walikuwa na desturi iliyo bora kuliko yetu. Msafara ulipoanza safari ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, siku ya kwanza ulikwenda mwendo mfupi tu, kisha ukapiga kambi karibu na ulikotoka. Wageni wa Ulaya waliokodi wapagazi wa Kinyamwezi walikereka, wakidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu. Kilichosahaulika kilifuatwa, aliyeugua alirudishwa nyumbani, mzigo usiokaa sawa begani ulifungwa upya kabla ya kuingia nyika isiyo na maji. Hakuna aliyeona aibu kurudi katika siku ya kwanza. Rubani anayerudi kwa sababu ya taa moja yuko katika kambi hiyo ya kwanza.

Abiria naye ana wajibu wakati wa tatizo lenyewe. Januari 8, 1989, ndege ya Boeing 737 iliyotoka London kwenda Belfast ilivunjika panga moja ndani ya injini yake ya kushoto. Hiyo ni ndege isiyo na mapangaboi ya nje, lakini kosa lilikuwa ndugu wa lile la Taipei: marubani waliizima ya kulia. Nahodha akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia imeleta tabu na imezimwa. Waliokuwa nyuma walikuwa wameona cheche zikitoka kushoto kwa macho yao, na wahudumu kadhaa pia. Wakashangaa, wakanyamaza, kila mmoja akidhani wenye elimu yao wanajua zaidi. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, jirani na njia ya kutua, na katika watu 126 walifariki 47. Ushahidi ulikuwapo, walioubeba hawakuutoa. Ukiona moshi au moto, mwambie mhudumu, taja upande, kulia au kushoto ukiwa umeelekea mbele, na akisitasita rudia.

Juu ya tawakkul sitarefusha, maana khatibu ameizungumzia mara nyingi. Bedui aliyemuuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) habari za ngamia wake alielekezwa amfunge na kutegemea, si achague moja kati ya mawili. Nasikia watu wakisema kwamba mwenye imani haulizi maswali juu ya injini. Mimi naona mama yule ndiye aliyefunga ngamia wake kwa kuuliza. Dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Sura ya Zukhruf, anaijua kwa moyo kuliko kijana wake aliyemcheka.

Nilimpelekea majibu haya nyumbani kwake jioni ya Jumatano. Nilimchorea maksai wawili kwenye mchanga kwa kijiti, nikamfuta mmoja. Alisikiliza bila kunikatiza, isipokuwa pale penye hesabu ya mishahara. Nilipomweleza juu ya rubani wa pili anayeangalia na kutamka kabla kidhibiti hakijavutwa, aliniuliza:

"Na huyo wa pili naye hulipwa mshahara?"

"Hulipwa, mama."

"Wasimpunguze."

Akakaa kimya kidogo, tasbihi mkononi, akiutazama mchoro. Kisha akaniuliza ndege zinatoka Tabora siku zipi, na kama itawezekana iwe asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Nikamwambia tutaulizia, In sha Allah. Nilipokuwa nikivaa viatu nilimsikia akimwita kijana wake. Ndani kulikuwa na madumu mawili ya asali ya mdogo wake aliyeko Dar es Salaam, na alitaka mizani iazimwe kwa jirani, yapimwe mbele yake usiku ule ule.